Mlingoti Uliochelewa Kuondoka

(Hotuba niliyoitoa Unguja mbele ya vijana wanaosomea ubaharia na wazee wa bandarini. Nimeiandika upya ili isomeke.)

Wazee wangu, shikamooni. Walimu, na ninyi vijana mnaosomea kazi ya bahari, hamjambo.

Nimeombwa nieleze jinsi manowari ilivyobadilika, kutoka tanga hadi mvuke na kutoka mbao hadi deraya, yaani vazi la bamba za chuma. Maisha yangu ya kazi yameishia chumba cha injini, kwa hiyo wengi wenu mnangoja nianze na injini. Nitaanza na mlingoti. Katika habari yote hii mlingoti ndio uliobaki juu ya sitaha muda mrefu baada ya kazi yake kwisha, na kubaki kwake kuliua watu. Hilo ndilo nililokuja kusema leo.

Lugha yetu imeyahifadhi mabadiliko haya. Babu zetu walisema merikebu, kisha wakasema merikebu ya moshi, kisha wakaliacha jina refu wakasema meli. Neno meli limetokana na neno la Kiingereza la barua za posta, maana vyombo vya moshi ndivyo vilivyoleta barua kwa ratiba. Hapa Unguja huduma hiyo ya mkataba kutoka Aden ilianza mwaka 1872. Na manowari ni jina la Kiingereza la chombo cha vita cha enzi za matanga. Tunapoiita manowari meli ile ya kijivu iliyotia nanga nje, isiyo na tanga hata moja, tunalitamka jina la babu yake wa mbao.

Babu huyo alikuwaje? Chukueni Victory ya Uingereza. Ilishushwa majini mwaka 1765, mizinga 104 imepangwa ubavuni safu juu ya safu. Siku ya vita vya Trafalgar, Oktoba 1805, ilikuwa na umri wa miaka 40 na bado ndiyo iliyompakia amiri. Miaka 40! Maana yake fundi wa meli aliweza kujifunza kazi kwa baba yake, akaifanya maisha yake yote, akamrithisha mwanawe, na chombo kikawa kilekile. Mti, kamba, kitani, upepo.

Ufundi huo haukuwa wa Ulaya peke yake. Sayyid Said bin Sultan, huyu aliyehamishia makao yake Unguja, alikuwa na manowari ya mizinga 74 iliyoundwa Bombay kwa mbao za msaji na kushushwa majini mwaka 1826. Iliitwa Liverpool. Mwaka 1836 akamtunukia Mfalme William wa Nne wa Uingereza, na jeshi la maji la Kiingereza likaipokea na kuipa jina la Imaum. Nataka vijana mlishike jambo hili: kulikuwa na wakati ambapo mtawala wa pwani hii aliweza kumpa mfalme wa Uingereza manowari, na mfalme akaitia katika jeshi lake. Miaka 60 baadaye mambo yalikuwa mengine kabisa, na tutafika huko.

Mvuke ulipoingia, ulianza na magurudumu ya kasia, moja kila ubavu. Kwa chombo cha abiria yalifaa. Kwa manowari yalikuwa balaa, kwa sababu yalikaa palepale mizinga inapotakiwa kukaa, na tufe moja la mzinga likilipata gurudumu, chombo kinabaki kuzunguka kama kuku aliyekatwa bawa. Ndiyo maana maamiri walivipa vyombo vya magurudumu kazi ya kuvuta vingine na kubeba barua, wala hawakuwa wapumbavu kufanya hivyo.

Dawa yake ilikuwa rafadha, ile pangaboi ya nyuma iliyo chini ya maji, ambako tufe haliifikii. Tarehe 3 Aprili 1845 Waingereza wakafunga kamba kati ya vyombo viwili vilivyokaribiana kwa nguvu, Rattler mwenye rafadha na Alecto mwenye magurudumu, shetri kwa shetri (nyuma kwa nyuma), kila mmoja avute upande wake. Rattler akamkokota Alecto kinyumenyume kwa zaidi ya noti 2 (maili 2 za baharini kwa saa), na magurudumu ya Alecto yakipiga maji kwa nguvu zote. Mwaka 1850 Mfaransa Dupuy de Lôme akashusha Napoléon, manowari ya mizinga 90 iliyobuniwa tangu mkuku kwa ajili ya rafadha. Lakini itazameni picha yake: milingoti mitatu, foromali (boriti za kutundikia matanga), matanga kamili. Injini ilikuwa mgeni ndani ya nyumba ya mlingoti.

Mbao zenyewe zilishindwa na kitu kingine. Tufe gumu la chuma likipiga mbao za mwaloni hutoboa tundu, na seremala wa chombo hulikimbilia na kuliziba. Kombora linalopasuka huingia ndani ya ubao, hulipuka humo, na kuwasha moto penye lami, kamba na baruti. Mfaransa Paixhans aliunda mizinga ya kurusha makombora hayo baharini katika miaka ya 1820. Wengi hawakujali, mpaka tarehe 30 Novemba 1853 katika bandari ya Sinop, Bahari Nyeusi. Warusi waliwakuta Waosmani wametia nanga, na kwa saa chache wakawachomea kundi zima la manowari za matanga. Chombo kimoja tu kiliponyoka kikafika Istanbul na habari. Kiliitwa Taif, na kilikuwa cha mvuke.

Miaka miwili baadaye jibu likaonekana kwenye bahari hiyohiyo. Tarehe 17 Oktoba 1855 Wafaransa walipeleka majukwaa matatu yanayoelea, mazito na ya mwendo wa kobe, yaliyovishwa bamba za chuma, kuipiga ngome ya Kinburn. Mizinga ya ngome iliyapata mara nyingi. Bamba zikabonyea. Waliokufa ndani walipatwa na vipande vilivyopita kwenye madirisha ya mizinga, kwa kuwa bamba zenyewe hazikupenywa. Dupuy de Lôme akavisha deraya ya sentimita 12 chombo cha mbao cha kwenda bahari kuu, Gloire, kilichoshushwa Novemba 1859.

Waingereza wakajibu kwa Warrior, na hapa niruhusuni nikae kidogo, kwa sababu Warrior nimeikanyaga kwa miguu yangu pale Portsmouth.

Ni chombo kirefu, mita 128. Kilishushwa London tarehe 29 Desemba 1860, siku ya baridi kali hata kikaganda kwenye njia ya kukishushia, kikavutwa na kusukumwa ndipo kikatoka. Mwili wote ni chuma. Ukiingia sitaha ya mizinga unakuta meza za kulia za mabaharia zimening'inia kati ya mzinga na mzinga. Walikula, wakalala na kupigana mahali pamoja. Nilibisha ukuta kwa kidole, nikasikia sauti ya mbao, si ya chuma. Nikadhani nimekosea. Fundi aliyekuwa akituongoza akanieleza: nje kuna bamba za chuma za sentimita 11 na ushei, na nyuma ya chuma kuna msaji wa unene wa sentimita 46. Chuma kinavunja nguvu za tufe, msaji unameza mtikisiko.

Kwa nini msaji, si mwaloni waliokuwa nao tele? Hiki hapa kipande nilichokuja nacho. Kimetoka kwenye jahazi bovu lililovunjwa. Kipitisheni mkono kwa mkono. Mnauona msumari wa chuma umo ndani, na ukiusugua kwa kidole bado una mwili. Mwaloni una ukali unaokula chuma, na msaji una mafuta yanayokilinda. Mafundi wa majahazi yetu waliujua msaji kabla hajazaliwa aliyechora Warrior. Nilipouona ndani ya ukuta wa ile manowari nilihisi nimemkuta ndugu ugenini.

Kifua hicho cha deraya kilikinga mita 65 za katikati tu, penye mizinga na injini. Omo (sehemu ya mbele) na shetri viliachwa bila bamba, maana uzito wa chuma haukuruhusu zaidi. Na juu ya yote hayo, Warrior ilikuwa na milingoti mitatu. Walipotaka kwenda kwa tanga walishusha dohani, zile bomba mbili za moshi, zikaingiana kama darubini, na mamia ya watu wakashika kamba kuipandisha rafadha juu ya maji isiburute. Fikirini kazi hiyo, kila upepo unapogeuka.

Kwa nini walijitesa hivyo? Kwa sababu ya makaa, na sababu ilikuwa ya kweli. Warrior ilibeba takriban tani 850 za makaa ya mawe, zikaipeleka kama maili 2,100 za baharini kwa mwendo wa noti 11. Mngeondoka nayo hapa mkafika Aden, na kabla ya kugeuza omo mngekuwa mnatafuta makaa. Haikuwa bure Waingereza kuiteka Aden mwaka 1839 na kuigeuza kituo cha makaa. Upepo haukuhitaji kituo. Kaskazi na kusi havijawahi kumdai mtu ghala.

Na injini zenyewe zilikuwa walafi. Wenzangu wa chumba cha injini mtanielewa. Boila za siku zile zilinyweshwa maji ya bahari. Maji yakichemka chumvi inabaki, inaganda kwenye chuma kama ukoko chini ya sufuria ya wali, na moto haupenyi tena vizuri. Ilibidi kila baada ya muda umwage maji ya moto yaliyojaa chumvi uingize mapya, na joto lote ulilolinunua kwa makaa linakwenda baharini. Kwa boila kama hizo huwezi kupandisha msukumo wa mvuke, na mvuke wa msukumo mdogo hufanya kazi mara moja tu kwenye pistoni kisha hutupwa. Dawa ilikuja kidogokidogo: kuugeuza mvuke uwe maji tena kwenye mabomba yaliyopozwa, maji yaleyale matamu yarudi kwenye boila, kisha boila ngumu zaidi, kisha mvuke mmoja usukume pistoni ndogo, uhamie kwenye kubwa, na kufikia miaka ya 1880 uhamie hata kwenye ya tatu. Kilo moja ya makaa ikaanza kufanya kazi ambayo zamani ilitaka kilo kadhaa. Sisi watu wa injini hatutajwi katika hadithi za vita, lakini aliyeung'oa mlingoti mwishowe ni fundi wa boila.

Marekani waliruka hatua, kwa sababu walikuwa na haraka. Machi 1862, katika vita vyao wenyewe kwa wenyewe, chombo cha deraya cha Kusini, Virginia, kiliingia Hampton Roads na kwa siku moja kikaziangamiza manowari mbili za mbao, Cumberland na Congress. Usiku huo kikafika chombo cha ajabu cha Kaskazini, Monitor, kilichobuniwa na Msweden John Ericsson na kuundwa kwa miezi michache. Sitaha yake ilikuwa juu ya maji chini ya nusu mita. Hakikuwa na mlingoti wa tanga wala safu ya mizinga ubavuni. Kilikuwa na mizinga miwili tu, mikubwa, ndani ya mnara wa duara wa bamba nane za chuma zilizopandana, na mnara ulizungushwa kwa injini ya mvuke. Tarehe 9 Machi vikapigana kama saa nne, tufe zikidunda, na hakuna aliyemzamisha mwenzake.

Mnara ule ulitatua tatizo kubwa. Mzinga wa ubavuni unaelekea upande mmoja, na ukitaka kulenga kwingine lazima ugeuze chombo kizima. Mzinga wa mnarani unageuka wenyewe. Lakini Monitor haukuwa wa bahari kuu: Desemba mwaka huohuo ulizama kwenye dhoruba karibu na Cape Hatteras, na watu 16 wakafa. Jina lake ndilo lililobaki kwa vyombo vyote vya umbo lile, vya kina kifupi na mizinga mikubwa. Watu wa Rufiji wanalifahamu kwa uchungu wake: Julai 1915 manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyokuwa imejificha katika delta yao, ilimalizwa na monita mbili za Kiingereza, Severn na Mersey, kwa sababu hizo ndizo zilizoweza kupita penye maji madogo kati ya mikoko.

Sasa nifike penye kiini.

Mnara na mlingoti haviwezi kukaa nyumba moja. Mnara unataka uwanja wazi uzunguke. Mlingoti unataka kamba zake zishuke kila upande, zikipita palepale mzinga unapolenga. Tena mnara ni mzito, kwa hiyo unataka ukae chini karibu na maji. Mlingoti wenye tanga hukilaza chombo upande, kwa hiyo unataka ubavu mrefu juu ya maji. Kila baharia wa jahazi anayajua haya kwa mwili wake. Chombo kikilala, sehemu ya ubavu inayozama ndiyo inayokisukuma kirudi wima. Ukingo wa sitaha ukishaingia majini, msukumo huo unaanza kupungua, na upepo haupungui.

Afisa wa Kiingereza Cowper Coles alitaka vyote viwili. Mchora meli mkuu wa serikali, Edward Reed, alipinga. Coles akaenda kwa magazeti na bunge, akapewa ruhusa ya kuunda yake. Ikaitwa Captain. Ilipotoka kiwandani ilikuwa nzito kuliko ilivyochorwa, ubavu wake juu ya maji ukabaki kama mita mbili tu, na juu yake ikasimamishwa milingoti mirefu kuliko yote katika jeshi lile.

Usiku wa kuamkia tarehe 7 Septemba 1870, mbele kidogo ya Cape Finisterre huko Uhispania, upepo ulichafuka. Karibu na hapo ilikuwapo Monarch, manowari ya minara na matanga iliyochorwa na Reed kwa ubavu mrefu. Nguvu ya Monarch ya kujirudisha wima iliendelea kukua mpaka inapolala nyuzi 40. Ya Captain ilifika kilele kwenye nyuzi 21. Alfajiri Monarch ilikuwapo na Captain haikuwapo. Watu karibu 480 walikufa, na Coles mwenyewe mmoja wao. Walionusurika ni 18.

Mahakama ya kijeshi ilisema wazi kwamba Captain iliundwa kwa kufuata maoni ya umma yaliyotolewa bungeni na kwingineko, kinyume cha maoni ya mkuu wa ujenzi na idara yake. Mimi husoma hukumu hiyo na kuwafikiria wale waliokuwa zamu chini, kwenye boila. Hawakuusikia upepo. Waliona tu sakafu inainuka na haishuki.

Reed alikuwa amekwisha kuchora jibu. Devastation ilishushwa majini mwaka 1871: minara miwili, mmoja mbele na mmoja nyuma, mizinga minne, mlingoti mmoja wa kupeperushia bendera za ishara tu. Hakuna tanga. Ilipakia zaidi ya tani 1,300 za makaa, na ilikuwa na rafadha mbili zenye injini zake mbalimbali, ili moja ikiharibika nyingine iifikishe nyumbani. Kwa macho yangu ndiyo manowari ya kwanza ya kisasa ya bahari kuu.

Mngedhani basi, hapo yamekwisha. Sivyo. Mwaka 1881 Waingereza walikamilisha Inflexible, deraya yake nene kuliko zote, sentimita 61 za chuma, na bado wakaipa matanga, kisha mwaka 1885 wakayaondoa. Maafisa wengi waliamini kijana asiyepanda foromali penye dhoruba hawi baharia. Ninawaelewa, nami nilifunzwa na mzee aliyeniambia injini haikufanyi baharia. Lakini heshima ya kazi ya zamani haifai iwekwe juu ya chombo mahali inapoweza kukipindua.

Kuhusu deraya yenyewe nitapita haraka: chuma kilizidi kuwa kinene hadi kikashindwa kubebeka, kisha katika miaka ya 1890 njia za Harvey na Krupp za kuufanya mgumu uso wa chuma cha pua zikafanya bamba nyembamba lizuie zaidi ya nene la zamani.

Na sasa turudi bandarini kwetu, kwani mabadiliko yote haya yalitia nanga hapa mbele ya Forodhani. Kuanzia mwaka 1874 ilikaa hapa manowari ya Kiingereza iitwayo London, ya mbao, ya mizinga 90, iliyoshushwa mwaka 1840. Ilikuwa imetiwa rafadha mwaka 1858, mwaka mmoja kabla ya Gloire kuifanya ipitwe na wakati. Ikaletwa Unguja iwe kambi inayoelea, na mashua zake zikafukuza majahazi ya watumwa hadi Pemba. Ikauzwa na kuvunjwa mwaka 1884.

Sayyid Barghash, aliyepoteza vyombo vyake katika kimbunga cha mwaka 1872, aliagiza chombo kipya kwa William Denny, Dumbarton, Uskoti. Kikakamilika mwaka 1878, kwa mfano wa manowari ya Kiingereza Glasgow, na kwa jina hilohilo: mataruma (mbavu) ya chuma yaliyovikwa msaji, injini na rafadha moja, milingoti mitatu ya matanga, mizinga midogo saba, na bunduki ya rasharasha aliyopewa na Malkia Victoria. Kilikuwa chombo kizuri. Lakini kiliundwa miaka saba baada ya Devastation kushushwa, kwa sura ya manowari ya enzi iliyokuwa inazikwa.

Tarehe 27 Agosti 1896, saa tatu na dakika mbili asubuhi, manowari za Kiingereza zilianza kulipiga kasri la Sayyid Khalid bin Barghash, aliyekalia kiti cha usultani bila idhini yao. Mkubwa wao ilikuwa St George, yenye mwili wa chuma cha pua, iliyoshushwa mwaka 1892. Glasgow ikafyatua mizinga yake midogo kuielekea St George. Ilijibiwa, ikazama palepale ilipotia nanga. Yote yalichukua kama dakika 38, na watu wetu wapatao 500 walikufa au kujeruhiwa kasrini na kandokando yake.

Maji pale si marefu. Mwili wa Glasgow ukalala chini, na milingoti mitatu ikabaki imesimama juu ya maji mbele ya mji. Majahazi yakaingia na kutoka kando yake, kaskazi na kusi, meli za barua zikatia nanga jirani nayo, watoto wakakua wakiiona kutoka ufukweni, mpaka mwaka 1912 mabaki yalipokuja kuondolewa.